Heta mpaka mwisho, saa saba mchana

Noah yangu ni ya mwaka 1999, na tangu niinunue sijawahi kuwasha heta yake kwa sababu nasikia baridi. Nimeiwasha saa saba mchana, mwezi wa kumi, Dodoma, jua limesimama utosini, nimekaa kwenye siti ambayo chini yake kuna injini, jasho linaingia mpaka machoni. Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini pale Chang'ombe walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mmoja akasogea dirishani kwa huruma kabisa: "Mama, umekosea swichi, hiyo ni ya joto." Nikamwambia najua mwanangu, ndiyo hiyohiyo ninayoitaka.

Naandika habari za upepo unaonasa kwenye njia za maji ya injini, kwa ajili ya wenzangu wenye Noah zile za zamani, za injini ya 3S iliyolala chini ya siti za mbele, na kwa yeyote aliyefunguliwa hedi, kile kichwa cha chuma juu ya injini, akalipa, akatoka gereji anapiga mluzi, halafu gari likachemsha tena kabla hata hajamaliza tenki la mafuta. Mimi ilibaki siku moja tu nilipe mara ya pili kwa kazi ambayo gari halikuihitaji.

Kazi yangu ni minada. Nauza madera, vitenge na khanga. Jumamosi niko Msalato, siku nyingine Kibaigwa, Bahi au Manyoni, mara mojamoja Kondoa. Siti za nyuma nimezing'oa, panakaa marobota, turubai, nguzo za banda na binti mmoja anayenisaidia. Gari likilala, mimi nimelala njaa.

Mwezi wa tisa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, iliungua, na hapo hapakuwa na ubishi. Ekzosi ilitoa moshi mweupe usiokata hata injini ikishapata moto, maji yalipungua kila siku na chini hapakuwa na tone, na fundi alipochomoa kijiti cha oili kilitoka na uji wa rangi ya maziwa. Gereji niliyolipeleka ni ya hapa mjini, siitaji jina kwa sababu kazi kubwa waliifanya vizuri na bado tunasalimiana. Waliinua siti, wakashusha hedi, ikaenda kuskimiwa ili uso wake unyooke, ikarudi, gasketi mpya ikakaa, oili ikabadilishwa. Siku nne. Nilitoa 780,000 pamoja na spea, na nilizitoa bila kinyongo.

Shida ilitokea kwenye dakika kumi za mwisho. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, kila mtu anatafuta kwake. Kijana wa fundi akaja na kidumu cha maji, akamimina kwa haraka mpaka mdomo wa rejeta ukafurika, akafunga kofia, akawasha, akapiga resi mbili tatu za kishindo, akazima. "Mama, chombo kimepona."

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi, mtu ninayeishi kwa kupima mita za kitambaa, lilinipita mbele ya macho. Siku ya kwanza walipomwaga maji ya rejeta nilikuwepo. Asubuhi ile nilikuwa nimelijaza pomoni ili lifike gereji, na walipofungua, ndoo yao ya lita 10 ilikaribia kujaa. Siku ya mwisho kidumu cha lita tano hakikuisha. Sikujiuliza. Kama yametoka karibu manane na yameingia manne na kidogo, nafasi iliyobaki ndani ya injini ina nini? Ina upepo. Na upepo hauwezi kupoza chuma.

Jumanne alfajiri nikaondoka kwenda Manyoni. Mpaka Bahi barabara ni tambarare, gari linakwenda kama maji mtungini. Kitu pekee kilikuwa sauti nyuma ya dashibodi, glu-glu-glu kila nikikanyaga mafuta, kama tumbo la mtu aliyeshinda na chai ya rangi. Nikamwambia binti atazame chini ya siti, labda kuna chupa ya maji inabiringika. Akatazama, hakuna chupa. Tukaongeza sauti ya redio. Wenye magari ndivyo tulivyo, sauti tusiyoielewa tunaifunika kwa muziki.

Ukishapita Kintinku, barabara inaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda. Waliopita wanajua, malori yanakwenda kwa gia ya chini, nyuma yake msururu. Hapo mshale wa joto ukaanza kupanda. Ukapita katikati, ukasogea kwenye robo ya mwisho, nikaanza kutafuta pa kuegesha. Halafu ghafla ukaporomoka wenyewe mpaka chini, kama gari ndiyo kwanza limewashwa. Nikasema Alhamdulillahi, limejipoza. Nikaendelea kupanda!

Huo ndio ulikuwa upumbavu wangu mkubwa wa mwaka. Kile kidude kinachopeleka habari kwenye mshale kimetengenezwa kikae ndani ya maji. Maji yakikikimbia, kikabaki kimezungukwa na upepo au mvuke, habari inayoletwa haina maana tena. Mshale unaweza kushuka wakati hedi inaungua. Bahati ya Noah ni kwamba dereva anakalia injini. Mshale ulisema baridi, makalio yangu yakasema moto. Niliyaamini makalio, lakini kwa kuchelewa, mvuke ukawa umeshaanza kutoka mbele.

Nikaegesha. Wakatokea watoto, kama kawaida ya barabara zetu, sijui huwa wanatokea wapi. Kijana mmoja mkubwa kidogo alikuwa na kitambaa mkononi tayari: "Mama nikufungulie kofia?" Nilimfokea mpaka akarudi nyuma, baadaye nikamwomba radhi na kumpa maandazi. Maji yaliyo ndani ya rejeta iliyochemsha yamebanwa. Ukifungua kofia yanaruka yote kwa mara moja, na nimemwona utingo mmoja Kibaigwa ambaye ngozi ya mkono wake mpaka leo ina rangi mbili.

Aliyenisaidia alikuwa dereva wa semi aliyekuwa anapeleka mzigo Rwanda, naye kaegesha apoze breki zake au apumzike, sikumuuliza. Akanikataza mambo mawili, nisifungue kofia na nisimwagie injini maji ya baridi, maana hedi iliyoiva ikikutana na maji ya baridi inaweza kupasuka. Tukakaa zaidi ya saa nzima. Injini ilipopoa tukaongeza maji, nikawasha, akaniambia: "Dada, fungulia heta, moto mpaka mwisho." Nikafungulia. Mshale ulikuwa unapanda tena, na heta inapuliza baridi.

Akacheka. "Gari linachemsha huku heta inatoa upepo wa Makete. Maji hayafiki huko. Una upepo humo ndani, dada, nenda katoe."

Sikumwelewa vizuri siku ile, lakini nataka ulishike hilo kuliko yote niliyoandika hapa. Heta ni rejeta ndogo, imewekwa juu nyuma ya dashibodi, na inapashwa moto na maji yaleyale ya injini. Mshale ukiwa juu na heta inatoa baridi, maji hayazunguki. Ama yamepungua, ama upepo umekaa njiani, ama pampu imekufa. Kipimo hicho hakihitaji fundi wala mashine.

Nikageuza. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, na kwa kusimamasimama nikafika Dodoma jioni, mzigo wote haujauzwa hata kanga moja. Fundi wangu akalisikiliza gari dakika mbili, akatikisa kichwa. "Hedi imepinda tena mama. Itabidi tufungue upya." Laki tatu na nusu, na hapo eti ananihurumia. Nikaomba siku moja nitafute pesa. Kweli nilikwenda kutafuta pesa. Ni shemeji yangu niliyekwenda kumkopa ndiye aliyeniambia, kabla hujafungua hedi mpitie yule mzee wa Chang'ombe.

Mzee ana banda la mabati, benchi moja, na kopo la karanga lisiloisha. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umekuja na gari au na birika?" Hakufungua chochote siku hiyo. Aliniuliza hedi ilifunguliwa lini, maji yaliingia kiasi gani, heta ikoje, na mshale unacheza vipi. Nilipomweleza habari ya ndoo na kidumu akaacha kutafuna. Akasema gari lilale hapo, kazi yake haifanyiki injini ikiwa na moto.

Asubuhi, injini baridi kabisa, kitu cha kwanza alichotaka kujua ni kama fundi wa kwanza ana haki. Alifungua kofia, akajazia, akaniambia niwashe, akakaa anatazama mdomo wa rejeta kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa. Alinieleza anachokitafuta. Gasketi ikiwa imeungua, moto wa silinda unasukuma gesi ndani ya maji, kwa hiyo mapovu yanakuja tangu dakika ya kwanza, hayakomi, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka. Wakati mwingine maji yananuka ekzosi. Na ukiwa umefunga kofia, mipira ya rejeta inakuwa migumu kama tairi wakati injini bado haijapata moto. Kwangu mipira ilikuwa laini. Mapovu yalikuja machache, yakatulia. Oili safi. Akasema hedi yako ni nzima, aliyeifunga anajua kazi. Nilitaka kumkumbatia lakini ana mikono ya grisi.

Halafu akafungua nyumba ya thamostati. Hapo ndipo asubuhi yetu ilipoishia, kwa sababu boliti moja ilikuwa imekazwa na mtu mwenye hasira. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi umefungwa ili ipate moto haraka, na kwenye hii yangu unaanza kufunguka joto likifika kama nyuzi 82. Pembeni mwa mlango huo kuna tundu dogo lenye kipini kinachochezacheza, kidogo kuliko punje ya mtama. Kazi yake ni kuupitisha upepo wakati mlango umefungwa. Na kwa kuwa upepo hukaa juu, kipini kinatakiwa kikae juu. Changu kilikuwa chini. Mzee alikigusa kwa kucha, kikalia ti-ti-ti, akaniangalia bila kusema neno, akakigeuza, akaweka gasketi mpya ya hapo, akafunga.

Nilimuuliza kwa nini asiitupe kabisa, maana nusu ya mafundi wa mji huu watakwambia thamostati ni ya nchi za baridi, hapa kwetu ni kujitafutia matatizo. Mzee si mtu wa maneno mengi lakini hilo lilimkera. Injini imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto lake, alisema, ukiinyima inakula mafuta na inajila yenyewe, na mwezi wa saba asubuhi hapa Dodoma si pwani. Tena kwenye baadhi ya injini, thamostati ikifunguka ndiyo hiyohiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na uliyetafuta baridi unapata moto. Nilikuwa mmoja wa walioamini iwekwe kando. Nimeacha.

Sasa kwenye upepo wenyewe. Mafundi wanasema kutoa upepo, kama wanavyosema kwenye breki, na wengi wanadhani ni jambo la kumimina maji na kupiga resi. Ngoja nikueleze alivyofanya, na usiharakishe kusoma kwa sababu yeye hakuharakisha.

Pembeni ya banda lake kuna lundo la kifusi kigumu, kama kichuguu. Akaniambia nipandishe magurudumu ya mbele juu yake, pua ya gari itazame mbinguni, kisha niweke handbreki na mawe nyuma ya matairi. Sababu ni nyepesi ukishaisikia. Kwenye Noah injini iko katikati, rejeta iko mbele, na mabomba ya maji yanapita chini ya sakafu mpaka kwenye heta ya pili kule nyuma ya abiria. Njia ndefu kuliko ya gari dogo, ina mabonde na vilima vyake, na kila kilima ni maficho ya upepo. Upepo unapanda, kwa hiyo mahali pa kujazia pawe ndipo juu kuliko pote.

Hata kwa kuinua pua hakuridhika. Akachukua chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, akaikata kitako, akaizungushia mdomo kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka ukanenepa, akaupachika kwenye mdomo wa rejeta ukabana vizuri. Chupa ikasimama kichwa chini kama faneli. Maji yakijaa mpaka nusu ya chupa, basi kiwango kiko juu kuliko injini, juu kuliko heta, na kila povu lina pa kutokea. Kuna gereji kubwa zenye kifaa cha kompresa kinachonyonya hewa yote kwanza ndipo kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, iingie, na kuna magari yenye skrubu ya kutolea upepo juu ya bomba. Mzee ana chupa. Nimeiona inafanya kazi na sina la kuongeza.

Akaanza kumimina. Utepe mwembamba, kama unamnywesha mtoto uji. Akimimina kidogo anaacha, anakamua mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja, anaachia, anakamua, povu linapanda, blup. Anamimina tena. Kule ndani maji yanaposhuka upepo unapanda, na njia ni moja, ukimimina kwa fujo vinakutana mlangoni na hakuna anayempisha mwenzake. Hilo ndilo kosa la kidumu cha Ijumaa jioni.

Kabla ya kuwasha nikaambiwa nifungulie heta zote mbili, ya mbele na ya nyuma, moto mpaka mwisho, feni yake chini, eyasii, yaani kiyoyozi, imezimwa. Heta ikiwa imefungwa maji hayapiti huko, na upepo uliomo utabaki unakungoja Saranda. Hapo ndipo vijana wa bodaboda waliponiona chizi.

Nikawasha, silensa tu, bila kukanyaga kitu. Dakika tano hakuna jambo. Dakika kumi, mapovu madogomadogo kama ya soda. Mpira wa juu ukaanza kupata moto, wa chini baridi. Mzee anakula karanga. Mimi nayeyuka. Kila maji yakishuka kwenye chupa anaongeza kidogo, yakipanda anaacha, hana papara. Kama dakika ya ishirini hivi thamostati ikafunguka, na niliiona kwa macho, kwa sababu maji yote ya kwenye chupa yalizama kwa mara moja, kama mtu aliyemeza funda, halafu likatoka povu kubwa kama ngumi. Akamimina karibu lita nzima pale pale. Mpira wa chini nao ukaanza kupata moto. Heta ya mbele ikabadilika, ikatoa moto wa kweli wa kuunguza vidole.

Ya nyuma bado ilikuwa inatoa upepo wa kawaida. Huko ndiko tulikopoteza muda. Mzee akaniambia nikanyage mafuta taratibu mpaka mizunguko 2,000 na kidogo, nishike hapohapo. Nikapiga resi moja kwa mazoea, akagonga bodi kwa bisibisi: "Shika, usipige! Hatumwiti mtu!" Pampu ikizungushwa kwa mwendo mmoja inalisukuma povu mpaka litoke kwenye bomba refu. Ukipiga na kuachia, unalitikisa tu, linarudi lilipokuwa. Nikashika. Yeye na kijana mmoja wakashika mlango wa nyuma wakaliyumbisha gari kulia kushoto. Zikaja glu-glu nyuma ya dashibodi, zikaja kwenye chupa, blup, blup, kimya. Blup moja ya mwisho ya kizembe. Binti aliyekaa nyuma akapiga kelele: "Mama, moto umefika huku!"

Hakuruhusu tuzime. Alitaka feni ya rejeta iwake yenyewe, izime yenyewe, iwake tena, na chupa itulie bila povu muda wote huo. Ilipowaka mara ya pili ndipo akasema zima. Kuanzia kuwasha mpaka kuzima tulikaa kama saa moja na robo. Maji aliyoongeza, jumla, lita tatu na nusu. Ile hesabu ya ndoo na kidumu.

Kofia yangu ya zamani akaikataa, springi yake ukiibonyeza kwa dole gumba inalala haiamki. Na hili ni la kwetu hasa, watu wa huku juu. Dodoma iko mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100 kama ya Dar es Salaam. Kofia nzima, hii ya kwangu imeandikwa 0.9, inayabana maji ili yasichemke mpaka joto liongezeke karibu nyuzi 20 juu ya hapo. Kofia iliyochoka inakurudisha kwenye sufuria ya chai. Na maji yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke ni upepo mwingine. Unaweza kutoa upepo kwa ustadi wote wa dunia, kofia ikautengeneza upya mlimani.

Maji ya bomba alinikataza pia. Birika la nyumbani kwangu linaota magamba meupe, na kinachoota kwenye birika kinaota kwenye rejeta. Alichanganya kulanti nusu kwa nusu na maji ya mvua niliyokuwa nayo kwenye simtanki, ambayo kwa mji ambao mvua inakuja Desemba na kuondoka Aprili ni kama kutoa dhahabu. Asiye nayo anunue kulanti iliyokwisha kuchanganywa.

Nisieleweke vibaya, si kila gari linalochemsha lina upepo tu. Kama mapovu hayakomi hata baada ya feni kuwaka mara tatu, kama maji yanapungua kila siku na oili inabadilika rangi, mpe fundi wako haki yake, hedi ifunguliwe. Nilichokasirika mimi ni kuambiwa hedi imepinda na mtu ambaye hakufungua hata kofia. Nilirudi kumwambia. Hakusema samahani, alisema "eeh, kumbe," akauliza yule mzee anatumia chupa ya ukubwa gani.

Mzee alichukua 40,000, kofia mbali. Akaniagiza niangalie kopo la akiba kila asubuhi kabla ya kuwasha, maana vipovu vidogo huwa vinabaki, vinatoka vyenyewe gari likipata moto na kupoa, na kwa kuwa kofia ni nzima rejeta inanyonya maji yake kutoka kwenye kopo. Asubuhi ya kwanza niliongeza kama glasi moja. Ya pili robo glasi. Ya tatu kiwango kilikuwa palepale nilipokiacha, nikapiga mstari kwa kalamu ya wino ili nisijidanganye.

Siku ya mnada nikaondoka saa kumi alfajiri na marobota yote. Bahi, Kintinku, nikaanza kupanda. Redio nimeizima, nasikiliza nyuma ya dashibodi. Kimya. Nikajaribu heta kidogo, ikatoa moto mara moja, nikaifunga. Mshale ukakaa katikati mpaka juu, siti na uvuguvugu wake wa kila siku. Nikaingia Manyoni jua linachomoza, nikakuta muuza viatu mmoja, baada ya kuniona sikutokea wiki iliyopita, ameshatandika turubai lake kwenye nafasi yangu.